Kimeru hakitapona kwa matusi ya kwenye simu

*Naishi Sombetini, Arusha, nashona nguo karibu na soko la Mbauda, nina mume na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Nilianzisha kundi la WhatsApp na ukurasa wa Facebook vya kufundishana Kimeru, kwa kuwa sisi tuliokulia mjini tunakisahau. Tulianza ndugu wa ukoo mmoja, sasa tumezidi mia tatu, wengine wako Dar, wengine Marekani na Ujerumani. Lakini ugomvi hauishi. Wazee wanatucheka tukikosea kutamka. Wameru wa Poli wanasema wa King'ori wanaharibu lugha, na wa King'ori hawakubali. Mwezi uliopita mtu mmoja, Mwarusha, aliandika kwenye ukurasa kwamba Kimeru ni Kichagga kilichochacha na wakati wake umepita. Nilipandwa na hasira, nikamjibu kwa maneno mabaya juu ya Waarusha na juu ya wakuja wote waliojaa Sombetini. Watu wakapiga skrinishoti, wakasambaza, majirani wameona. Mume wangu ni Mpare wa Same. Anasema nifunge kundi, na mtoto asifundishwe Kimeru kwa sababu yeye ni Mpare. Tena mwalimu wa chekechea amesema lugha nyingi zinamchanganya. Mama yangu yupo Akeri. Akipiga simu, mtoto anamwambia "sielewi, bibi" na kukimbia. Je, nifunge kundi yaishe, au niendelee kupigania lugha yangu?*

*E.N., Sombetini*

Hofu yako ina msingi

Mwanangu E.N., pole sana. Mtu akianza jambo kwa mapenzi, kisha likamletea aibu mbele ya majirani, hastahili kuulizwa maswali kabla hajapewa kiti. Keti basi, na nianze na haki yako.

Uliona kitu cha kweli. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na Kimeru, ambacho wenyewe mnakiita Kirwa, ni mojawapo ya zile ambazo mtoto hazipati popote ila mdomoni mwa watu wake. Shule haimpi: tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili. Redio haimpi. Wenzetu wa Kenya, tangu Kameme FM ianze kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, wana redio nyingi za lugha za nyumbani. Huku kwetu kanuni za utangazaji zimejengwa juu ya Kiswahili na Kiingereza. Sombetini nayo haimpi, na haina kosa. Ni kata ya watu wa kila upande: Waarusha wenye chimbuko lao hapo, Wachagga, Wapare, Warangi, Wairaki, Wanyaturu. Wapangaji wa ua mmoja hawawezi kupanga foleni ya maji kwa lugha sita. Wanaongea Kiswahili, na wanafanya vema. Hakuna aliyeitisha kikao cha kukiua Kimeru. Kinapungua kwa sababu kila siku ipo sababu nzuri ya kutokisema.

Anayekuambia kwamba kukifundisha ni ukabila, mwambie kwa upole asome Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997. Humo serikali yenyewe imezitambua lugha za jamii zetu kuwa hazina, na inawahimiza wananchi kuziandika na kuzitunza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihangaika miaka mingi kuzikusanya, kikachapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo kazi uliyoianza ina baraka. Nitakachokugombeza ni namna ulivyoifanya, na nitakugombeza kweli.

Maneno uliyoyaandika

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona baada ya wiki. Ulimi wa siku hizi una skrinishoti.

Yule aliyekiita Kimeru Kichagga kilichochacha alikosa adabu. Angeandika hivyo juu ya lugha ya mama yangu, ningeumia pia. Lakini yeye alikuwa mmoja, na wewe ulijibu watu wote wa kabila lake, kisha ukaongeza na wapangaji wa kila ua hapo mtaani. Mama wa Kiarusha anayekuletea maziwa hakuandika chochote. Fundi wa Kirangi aliyekurekebishia cherehani hakuandika chochote. Wote wameamka asubuhi wakajikuta wametukanwa na jirani yao kwa ajili ya ugomvi wasioujua.

Sikutishi, lakini ujue: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa mtu anayemtukana mwenzake mtandaoni kwa sababu ya asili yake au kabila lake. Likifika polisi, hakuna atakayekuuliza ulikuwa unalinda lugha gani.

Tena ulichoandika hakifanani na historia yenu. Wameru na Waarusha wamekaa ubavuni mwa mlima mmoja vizazi na vizazi, wamepigana na wamepatana. Mpango wa marika mliuchukua kwa watu wa Maa, Waarusha wakiwamo. Loshoro, chakula chenu wote, inapikwa Akeri na inapikwa Sokon kwa Waarusha. Kimeru chenyewe kimekopa maneno kwa Kimaasai, na kwa sababu hiyo hakijawa kidogo. Ukitaka kukisafisha kibaki cha Wameru watupu, utakata na nyama yake.

Na kama unatafuta mfano wa kupigania kilicho chenu, unao nyumbani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi ikaliwe na walowezi. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Wakili aliyekuwa naye bega kwa bega, Earle Seaton, alikuwa mtu wa Bermuda. Ardhi haikurudi kwa siku moja, lakini kesi ile imeandikwa katika safari ya Tanganyika kuelekea uhuru. Angalia walivyofanya: walikuwa na hoja na ushahidi, walijua wanazungumza na nani, na mgeni waliyemwamini walimpa nafasi mezani. Hawakuhitaji kuwatukana majirani zao ili wasikike.

Basi andika kuomba radhi. Uandike palepale ukurasani ulipotukana, kwa Kiswahili ili kila aliyetukanwa aelewe, maneno machache, bila "lakini" katikati. Usianze kueleza nani alikuchokoza. Kisha yale maneno yafute. Baada ya hapo toka nje, uwaendee majirani kwa miguu yako. Mtu aliyetukanwa mtandaoni na mtu anayeishi ukuta wa pili hapaswi kuombwa radhi kwa simu.

Baba wa mtoto

Mume wako umemsikia vibaya. Umesikia "funga kundi", ukafikiri anakichukia Kimeru. Msikilize tena. Yeye ni Mpare wa Same anayeishi Sombetini. Ulipowatukana wakuja wote, ulimtukana mtu unayelala naye kitanda kimoja, na majirani wakasoma. Pengine sokoni wapo waliomuuliza, "Shemeji yetu anatuonaje?" Hapo mwanamume akisema funga kundi, anazungumza maumivu. Anza kwa kumwomba msamaha yeye, faraghani, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hoja yake ya pili ni nzito na usiipite juu juu. Anasema mtoto ni Mpare. Kwa ukoo ni kweli, na hakuna anayekuruhusu kumnyang'anya. Mtoto anayeongea lugha ya mama yake hajahama ukoo wa baba yake. Lakini mwambie hivyo kwa kumwonyesha, maana maneno matupu hayatamtuliza. Muulize: mtoto anajua nini cha Kipare? Mama mkwe wako wa Same anapopiga simu, anasalimiwaje? Naogopa jibu ni lilelile la Akeri. Ikiwa ni hivyo, ninyi wawili mna msiba mmoja na mmekuwa mkigombana juu yake kana kwamba ni wa mtu mmoja.

Hapa pana jambo dogo linaloweza kuwachekesha jioni. Baadhi ya simu za Android, ukifungua orodha ya lugha kwenye mipangilio na kushuka chini taratibu, utakuta Kiruwa, yaani Kirwa chenu, na utakuta Kipare pia. Wataalamu waliviingiza pamoja na lugha nyingine kadhaa za Tanzania. Kilichowekwa ni kidogo, majina ya siku na miezi na mambo ya namna hiyo, lakini vyote viwili vimo katika orodha moja. Mwonyeshe. Mwambie, "Lugha yako na yangu zimo humu, kasoro ni humu ndani."

Makubaliano yawe mepesi. Wewe uongee na mtoto Kimeru, baba yake aongee naye Kipare, na Kiswahili kibaki cha meza, cha ua na cha shule. Mume akiwa naye amekisahau cha kwao, ajifunze pamoja na mtoto kwa simu ya mama yake. Usimfundishe mtoto kwa kujificha. Mtoto wa miaka minne hatunzi siri, na siku atakapoitoa baba yake atahisi amedanganywa ndani ya nyumba yake.

Kuhusu mwalimu wa chekechea: mwendee kwa heshima, yeye ana watoto wengi na anataka waelewane. Mtoto mdogo kuchanganya maneno ya lugha mbili ni hatua ya kujifunza, na ubongo wake una nafasi ya lugha mbili na hata tatu. Arusha imejaa watu wazima walioanza hivyohivyo, na Kiswahili chao ni kizuri. Mwahidi mwalimu kwamba Kiswahili cha mtoto hakitaachwa. Ila kama mtoto amechelewa kuongea katika lugha zote, hilo ni jambo jingine. Mpeleke hospitali wampime masikio mapema.

Simu ya kutoka Akeri

E.N., ile habari ya mama yako uliiweka mwishoni mwa barua, mstari mmoja tu. Kwangu mimi ndiyo barua yenyewe.

Unaongoza zaidi ya watu mia tatu. Unajibu mtu wa Ujerumani usiku wa manane juu ya matamshi. Na mtoto uliyemzaa anamwambia bibi yake "sielewi". Nimesoma barua nyingi za watu wanaotetea lugha zao, na nimeona kwamba mabishano yao karibu yote wanayaandika kwa Kiswahili. Wanabishana juu ya lugha, hawaisemi. Mtandao ni barabara ya kukufikisha kwa mama yako, na wewe umejenga kibanda katikati ya barabara ukakaa humo.

Lugha hairithiwi na wanachama wa kundi. Anairithi mtoto anayeambiwa aje ale, aoge, aache kumpiga mwenzake, alale. Maneno hayo machache, kila siku, kwa Kimeru, yana nguvu kuliko masomo yote utakayobandika. Utasema hukijui vizuri. Kijue hivyohivyo kwa makosa, mtoto hatakucheka kama wazee wa kundini. Na mama yako yupo. Tengeru, unakopita kwenda kwake, haifiki kilomita ishirini kutoka mjini. Kifodi mpaka stendi, daladala nyingine, umefika njia panda ya nyumbani. Shule ikifunga, mpeleke mtoto akakae na bibi yake. Watu walio Marekani wangelipa fedha nyingi kupata safari hiyo. Ndiyo maana, nadhani, walio mbali hugombana zaidi kundini: hawana bibi wa kumwamkia asubuhi, hasira ndiyo iliyowabakia badala ya nyumbani. Wavumilie, ila usiwaachie usukani.

Kundi usilifunge

Ukilifunga, utawaumiza wale wasiogombana, na hao ndio wengi. Watu kukutana mtandaoni kwa ajili ya lugha si upuuzi. Mwaka 2018 Twitter ilikuwa bado haikitambui Kiswahili; mtu akiandika Kiswahili, mtambo unajitolea kumtafsiria kutoka Kiindonesia. Watumiaji wa Afrika Mashariki wakaungana chini ya alama moja ya reli, wakasema Kiswahili si Kiindonesia, na mwaka huohuo kikatambuliwa. Walikuwa na dai moja lililo wazi, na lililenga mtambo. Waindonesia hawakuwa na kesi.

Kundi lako halina dai wala kazi, ndiyo maana linagombana. Lipe kazi. Kwanza lisimamishe kidogo: WhatsApp ina mpangilio unaoruhusu wasimamizi peke yao kuandika, utumie mpaka vumbi litulie. Ukilifungua, sauti zitangulie maandishi. Kimeru kimezoea kusikika kuliko kusomwa, na ugomvi mwingi wa tahajia utakufa wenyewe watu wakisikilizana. Sauti ya dakika moja pia haili bando kama video.

Mzee anayecheka vijana, mpe zamu ya kusimulia. Asimulie majina ya ndizi za kihamba chake na matumizi ya kila moja, mifereji iliyoshuka kutoka mlimani na nani aliichimba, miti na dawa, mafumbo ya jioni, jinsi wachumba walivyoposwa. Aliyepewa kazi ya heshima hana muda wa kucheka. Na wa Poli na wa King'ori, waache wote waseme kama wanavyosema. Chini ya kila sauti andika imetoka kijiji gani. Tofauti hizo ni mali. Anayetaka kumsahihisha mwenzake amfuate faraghani. Siasa, makabila ya watu na kejeli zisiingie, na usimamizi uwe wa watu watatu au wanne, mmoja wao mtu mzima wa Arumeru anayeheshimika.

Badilisha na jina la ukurasa. Mtu akitafuta Kimeru mtandaoni anaangukia kwa Wameru wa Kenya, watu wa Mlima Kenya, ambao lugha yao ni nyingine. Weka Kirwa, weka Arumeru, ndugu wapate mlango.

Na mkutane macho kwa macho. Tarehe 21 Februari dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, kukumbuka wanafunzi wa Dhaka waliouawa mwaka 1952 wakitetea Kibengali, mwaka uleule Kirilo Japhet alipokwenda New York. Chagueni siku hiyo mkae mahali Tengeru au Usa River, mpike, muongee. Watu waliokula pamoja hutukanana kwa shida.

Mambo ya kuchunga

Kabla ya kumrekodi mzee, mwombe ruhusa na umwambie sauti itafika wapi. Yapo mambo ya ukoo na ya jando ambayo hayakuwekwa kwa ajili ya watu mia tatu. Akikwambia hili liishie hapa, liishie hapo. Picha na sauti za watoto usizitawanye hovyo. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ingekuwa haipo bado adabu ipo.

Usitegemee simu kutunza. Simu ikiibwa kwenye kifodi, sauti ya mzee aliyefariki imekwenda. Nakili kwenye kompyuta na kwenye kifaa kingine kinachokaa nyumba nyingine, ukiandika jina la msemaji, kijiji na tarehe.

Fedha: atatokea mtu wa kusema tuchange. Usipokee mchango wowote kwa namba yako binafsi. Mkihitaji fedha kweli, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akuelekeze namna ya kusajili kikundi chenye katiba na akaunti. Makundi mengi mazuri yamekufa kwa laki mbili zisizojulikana zilikokwenda.

Uamuzi wangu

Umeniuliza ufunge au upigane. Sikukubalii lolote kati ya hayo mawili. Kundi libaki, vita viishe, na Kimeru kihamie nyumbani kwako.

Lakini fuata mpangilio huu. Leo usiku zungumza na mume wako, umwombe msamaha kwanza, ya mtoto yafuate. Kesho andika radhi yako na uwaendee majirani. Kisha mwende Akeri wote watatu, na likizo ijayo mwende Same. Kundi lishughulikie mwisho. Ukianza na kundi kwa kuwa ndilo jepesi na liko mkononi, utakuwa na wanachama elfu moja na mtoto asiyeelewana na bibi zake wawili. Mama yako hana miaka mingine mingi ya kusubiri, mwanangu. Mpigie kabla hujalala, na simu mpe mtoto.